Sentensi Moja Ambayo Bi Kwanza Hakuisema

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, mwanasaikolojia wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali hii. Alianzia kazi katika chumba kilichokuwa stoo ya mashuka, kati ya sehemu ya kufulia na ngazi za dharura, na anamalizia kazi katika chumba hichohicho, isipokuwa sasa kina dirisha, kina rangi, na mlangoni pana kibao. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na jirani yake wa ukuta, jukumu la kuandika wasifu wake katika gazeti la hospitali. Nilikubali mbio mbio. Nilipokaa na kalamu ndipo nikagundua nimejiingiza matatani.

Wasifu wa daktari wa upasuaji huandikika. Unataja waliopasuliwa, unataja waliopona, unaweka picha, umemaliza. Lakini huyu kazi yake yote imefanyika nyuma ya mlango, na aliyoyasikia ameyaacha mlemle. Nimekaa upande wa pili wa ukuta wake miaka kumi na tisa, na wanaonifahamu wanajua masikio yangu hayana adabu, lakini sijui hata jambo moja lililosemwa katika chumba kile. Nikaona nijaribu kwa mumewe, fundi wa kuchomelea, ambaye mimi humwita shemeji kwa kuwa mkewe namwita dada. Nilidhani labda nyumbani huwa anafungua moyo. Shemeji alicheka mpaka akavua miwani yake ya kazi. Akaniambia kwamba kila jioni yeye humsimulia mkewe mambo ya mageti, ya madirisha na ya wateja wanaotaka kazi ya wiki ifanyike kwa siku moja, na mkewe husikiliza yote bila kukatiza. Halafu naye humuuliza habari za kazini, na jibu huwa moja tu: salama. Miaka yote hiyo ya ndoa, kazini ni salama.

Jina la Bi Kwanza alipewa na wauguzi, na halikumchukiza. Mtu akiingia kwake na dunia imemwelemea, akataka kuanza na yale makubwa, yeye humrudisha nyuma kidogo. Kwanza, umekula? Kwanza, jana ulilala? Mgongo vipi, tumbo vipi, nyumbani unaishi na nani, unasali wapi, na wewe mwenyewe unadhani kinachokusumbua ni nini? Wapo waliokerwa na maswali hayo. Mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo, aliyefika akiwa amejaa nadharia pomoni, aliuliza kama hiki ni kitengo cha tiba ya akili au ni mgahawa. Bi Kwanza alimjibu kwa upole kwamba akili haiji hospitali peke yake. Huja na mwili wake, na watu wake, na imani yake, na chumba inacholala. Mwanafunzi yule sasa anaongoza kitengo kama hiki mahali pengine, na nasikia naye huanza kwa kuuliza habari za chakula.

Busara hiyo dada hakuzaliwa nayo. Aliipata kwa kukosea, na kosa lenyewe hulisimulia kila mwaka kwa wanafunzi wapya. Alipokuwa bado mgeni kazini alimpokea mtu aliyefiwa na mama yake. Mtu huyo alikuwa mchovu, mzito wa mwili na wa maneno, anasikia baridi mchana wa jua kali, na kumbukumbu inamtoroka. Msomi wetu akaona kila kitu ni msiba. Wakauzungumza msiba miezi na miezi. Wakalia, wakasamehe, wakamuaga marehemu vizuri kabisa, na mgonjwa akazidi kudidimia. Siku moja daktari mmoja alipishana naye kwenye korido, akamtazama shingo, akaomba apimwe damu. Kumbe tezi ya shingoni ilikuwa imelegeza kazi yake. Vidonge vikamrudisha mtu wa watu katika hali yake. Huzuni ilikuwepo kweli, lakini haikuwa peke yake.

Wengi wangejipa sababu na kupita. Bi Kwanza alimwita mgonjwa, akamweleza waziwazi kwamba aliyechelewa kuona ni yeye, akamwomba radhi. Tangu hapo hakuna anayeanza tiba ya mazungumzo kwake kabla mwili wake haujapimwa. Kinachotuchekesha ni kwamba kisa hiki mgonjwa mwenyewe alimruhusu kukisimulia, na bado yeye hutia chumvi ili kumficha. Mwaka mmoja mgonjwa huwa mwalimu, mwaka mwingine muuza viatu, na mwaka juzi alikuwa rubani. Tumebaki na hakika moja tu, kwamba alikuwa na shingo.

Kosa hilo ndilo lililozaa kikao chetu cha Jumatano, ambacho leo wageni huja kukitazama na kukiandikia ripoti. Hukaa daktari, muuguzi, mtaalamu wa lishe, ofisa ustawi wa jamii, Bi Kwanza, na mimi. Wenye migongo inayokataa kupona kwa mazoezi yangu mimi huwapeleka kwake, kwa ridhaa yao. Naye huniletea wale ambao mabega yamepanda mpaka masikioni kwa hofu. Kila mmoja wetu huambiwa kile tu kinachomhusu, na pale tu mgonjwa aliporidhia. Nikichokonoa zaidi, dada hunitazama kimya mpaka nakumbuka kwamba kuna mtu ananisubiri.

Chumba chake kina viti viwili, sawa kwa kimo. Uongozi ulipomnunulia kiti cha kuzunguka, kirefu, chenye mikono ya ngozi, alikitumia asubuhi moja, kisha akakipeleka kwa mhasibu, ambaye amekikalia mpaka leo kwa raha zake. Alisema hawezi kumtazama mtu anayelia kutoka juu. Karatasi laini za kufutia machozi huwekwa mezani, mahali mgonjwa anapofikia mwenyewe, wala hampi mtu mkononi. Eti ukimpa umemwambia anyamaze. Mtaani hamwamkii mtu aliyewahi kukaa chumbani mwake mpaka yeye aanze, kwa sababu hajui yule anatembea na nani na angependa ajulikane kwa lipi. Sokoni wamemwita mwenye maringo kwa ajili hiyo. Amelisikia, akaendelea kuchagua nyanya.

Na hapa lazima niseme habari za mbuzi, maana nisipozisema wauguzi hawatanisamehe. Bi Kwanza hapokei zawadi. Siku moja mtu mwenye shukrani zake alimfunga mbuzi kwenye nguzo ya lango, akamwambia mlinzi ni wa Bi Kwanza, akaondoka. Kumpokea hakukuwezekana. Kumrudisha kulikuwa sawa na kutangaza nani alimleta, yaani nani alikuwa mgonjwa wake. Kumuuza au kumchinja kungekuwa kumpokea kwa mlango wa nyuma. Basi mbuzi akabaki. Alikula maua yaliyopandwa kwa ajili ya ugeni wa wizarani, akala na kona ya bango la kunawa mikono. Bi Kwanza alipotakiwa kueleza, alisema hana maelezo anayoweza kutoa. Asubuhi moja kamba ikaonekana tupu, na mlinzi, aliyekwisha kumpa yule mnyama jina, akanuna wiki nzima. Inaaminika mwenyewe alikuja kumchukua baada ya mazungumzo ya faragha. Inaaminika tu.

Ningeweza kuishia hapa, nikaweka pongezi, watu wakapiga makofi. Lakini kuna neno ambalo kila mfanyakazi wa hospitali hii analijua na hakuna anayelisema mbele yake, na mimi siwezi wasifu wa kuruka mashimo. Wiki yangu ya kwanza hapa, katika chumba cha chai, niliambiwa kwa sauti ya chini: mambo yako usiyapeleke kule, yule mama alimuuza dereva. Nimelisikia likirithishwa tangu wakati huo. Muuguzi mpya huonyeshwa pa kuchukulia sare, huonyeshwa maliwato, na hupewa na hilo. Kwa mtu mwenye kazi kama ya dada, hakuna jina baya kuliko hilo. Ijumaa ataondoka nalo, na baada ya Ijumaa hakuna atakayekuwa na haja ya kulisafisha.

Haya yafuatayo sikuyapata kwake. Nimeyapata kwa dereva mwenyewe wa gari la wagonjwa, aliyenifuata chumba cha mazoezi aliposikia nimepewa kuandika wasifu. Alifunga mlango, akakaa juu ya kitanda cha mazoezi, akasema ana la kuongeza.

Miaka mingi iliyopita, akiwa anamleta mgonjwa hospitalini, lori lililokatika breki liliwagonga kwenye makutano ya barabara karibu na kituo cha mafuta. Muuguzi aliyekuwa naye alivunjika mkono. Mgonjwa hakufika akiwa hai. Uchunguzi ulisema dereva hana kosa lolote, akarudishwa barabarani upesi, na hakuna aliyemuuliza hali yake. Alionekana mzima. Lakini kila alipokaribia makutano mikono iliganda kwenye usukani na jasho likamtoka, hata akawa anayakwepa. Alipita barabara za nyuma, ndefu, na wagonjwa nyuma wakasubiri. Nyumbani mkewe alimwona hapati usingizi. Bega likaanza kumuuma. Akaenda kwa Bi Kwanza akisema shida yake ni bega.

Kabla hajafungua mdomo, Bi Kwanza alimweleza taratibu za chumba kile, kama anavyomweleza kila mtu. Yanayosemwa humo ni mali ya aliyeyasema. Ila likijitokeza jambo linaloweza kumpotezea mtu uhai, hatanyamaza, na hapo wa kwanza kuambiwa atakuwa yeye mwenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Dereva aliitikia kama tunavyoitikia maelezo ya ofisi. Bega lilipimwa, mtangulizi wangu akalifanyia kazi, na mazungumzo yakaendelea, mpaka siku moja dereva akajikuta amesema habari ya barabara za nyuma.

Dereva anakumbuka maneno ya Bi Kwanza moja baada ya jingine.

"Hili siwezi kunyamaza nalo," alimwambia, "lakini sitapita nyuma yako. Nenda kwa mkuu wako uombe kupumzishwa. Sababu utasema ile unayoitaka wewe."

Dereva alisimama kwa hasira akatoka mpaka maegesho. Akarudi, akakaa, wakaendelea. Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa usafiri, akasema bega linamsumbua, akapelekwa stoo ya vipuri.

Mkurugenzi wa wakati ule hakuridhika na habari ya bega. Alimwita Bi Kwanza akataka kujua kama dereva amekuwa mlevi, au amechanganyikiwa, au ni mvivu tu. Halikuwa swali baya. Uhai wa watu ulikuwa juu yake. Bi Kwanza alikiri kwamba ni swali halali, akakataa kuwa yeye ndiye wa kulijibu. Alishauri dereva apimwe na daktari wa nje, ambaye tangu mwanzo atajulikana kwamba anapima ili kutoa uamuzi, na dereva aende akijua hivyo. Alisema mtu hawezi kumsikiliza mgonjwa asubuhi akamhukumu mchana. Mkurugenzi alifura. Ushauri aliufuata mwishowe, ila nafasi ya mkuu wa kitengo, iliyokuwa ya dada kwa kila kigezo, ilikwenda kwa mwingine, na ilipofunguliwa tena ikampita tena. Dereva alikuja kuyajua hayo siku mkurugenzi alipomrudishia funguo, akimwambia kwa kinyongo kidogo kwamba yule mshauri wake ana kichwa kigumu.

Huku nyuma watu walikuwa wameona walichokiona. Dereva alikuwa akiingia chumba kile. Wiki chache baadaye hana gari. Kesi ikasikilizwa chumba cha chai na hukumu ikatoka hapohapo: amepeleka siri zake kwa wakubwa. Wafanyakazi wakaacha kwenda kwake. Wagonjwa wa kutoka nje ya hospitali waliendelea kuja, lakini sisi wa ndani, tunaopokea maiti na kuzaliwa kwa watoto katika zamu moja, tukawa tunayameza yetu. Alipoingia kunywa chai, mazungumzo yaligeukia hali ya hewa. Ilimuuma. Shemeji ananiambia ni kipindi ambacho "salama" yake ilitoka kwa shida.

Sentensi moja ingemsafisha: alikwenda mwenyewe. Maneno mawili tu. Lakini maneno hayo yangesema kwamba dereva alikuwa na jambo la kwenda nalo, na watu wangeuliza jambo gani. Hakuyasema. Hakuyasema kwa mkurugenzi, wala kwa wauguzi waliokuwa rafiki zake, wala kwa mumewe.

Na dereva je? Alimwuliza Bi Kwanza kama anataka yeye, dereva, ajitokeze aseme ukweli. Bi Kwanza alimjibu kwamba habari ni yake na wakati wa kuisema ni wake, na kwamba asiiseme kwa ajili ya kumsaidia mshauri. Dereva alikuwa na watoto shuleni. Alihofu kwamba dereva anayeogopa makutano, hata akipona, hatapewa funguo tena. Akanyamaza, na wakaendelea na kazi yao. Alijifunza kupumua upya, kulala upya. Mkewe aliitwa, kwa ridhaa yake, akasema aliyokuwa akiyaona usiku. Mwisho wakaanza mazoezi barabarani, mbali na macho ya hospitali, katika pikapu ya kuazima. Bi Kwanza alikaa pembeni yake, wakasogelea makutano kidogo kidogo, wiki hii kwa mbali, wiki ijayo karibu zaidi. Bahati mbaya dada huchafukwa na tumbo akipanda gari, na pikapu ile ilikuwa ya kurukaruka. Alishika mfuko wa plastiki safari nzima huku akimwuliza dereva hofu imefika kiwango gani. Dereva anaapa kwamba alipona kwa sababu pembeni yake palikuwa na mtu mwenye hali mbaya kuliko yake. Daktari wa nje akampasisha, akarudi kwenye usukani, na ndiye anayeliendesha gari lile mpaka leo. Wengi tuliofika hapa tukihema kwa shida tumeletwa naye.

"Miaka yote nimejificha nyuma ya mgongo wake," aliniambia. Akashuka kitandani akaenda zake.

Niliandika kama nilivyosimuliwa, kisha nikaona haki ni kumpelekea dada asome kabla ya kuchapwa. Nakiri nilikuwa na hamu yangu. Nilitaka, angalau mara moja, anitazame aseme ndiyo, ilikuwa hivyo. Alisoma taratibu mpaka mwisho. Alipofika sehemu ya dereva alivua miwani, akaipangusa, akaendelea. Akaziweka karatasi mezani. Hakusema ilikuwa hivyo, wala hakusema haikuwa hivyo.

"Umemuuliza mwenyewe?" aliniuliza.

Nikamwambia yeye ndiye aliyenifuata.

"Muulize tena kesho. Mtu akishalala na jambo, huenda akaliona vingine."

Nikamwambia dada, hii ndiyo nafasi ya mwisho, gazeti linakwenda kuchapwa, na dereva akibadili mawazo wewe utaondoka na lile jina. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama anavyowasikiliza wote. Kisha akanirudishia karatasi zangu, akarudia palepale: nimuulize.

Kesho yake nilimkuta dereva uani akifuta kioo cha mbele cha gari la wagonjwa. Nilimkumbusha kwamba gazeti hili hufika kila meza, ikiwemo meza ya wanaoshika funguo zake, na kwamba akisema nitoe, natoa, na hakuna atakayejua. Alimaliza kioo upande mmoja, akazunguka akamaliza na upande wa pili. Akakamua kitambaa.

"Andika," alisema. "Yeye hawezi kusema. Mimi naweza."

Basi limeandikwa, na kila anayesoma hapa amelisoma: alikwenda mwenyewe.

Dada, kwa niaba ya wote waliowahi kukaa mbele yako, ambao hatuwajui na hatutawauliza, asante. Upumzike na mwili wenye afya, usingizi usikukimbie, na siku zilizo mbele yako ziwe njema kwako na kwa nyumba yako.